Kapewa kitabu kizima, hakisomi: maswali yenu kuhusu siku za mwanzo za kuacha unga

Wasomaji habari zenu. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu kaacha unga, yaani heroini, juzijuzi, ana wiki mbili, ana mwezi, sasa apewe nini cha kusoma, cha kuandika, cha kushika mkononi ili asirudi kijiweni. Nimechagua tano. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikula unga miaka tisa, nikaanza dozi ya methadoni (ile dawa ya kunywa ya kliniki inayotibu uraibu wa unga) Mwananyamala 2013, siku hizi nafanya ushauri nasaha, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyasoma na mengine nimeyapata kwa mgongo wangu mwenyewe. Majina nimeyatoa kama kawaida.

Kaka habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, alianza na kokteli (bangi iliyochanganywa na unga) baadaye akawa anajidunga, leo ana siku ya 19 kwenye methadoni na tunakaa nae hapa nyumbani. Kuna watu walipita mtaani wakampa kitabu cha kujifunzia, fotokopi kurasa kama 120, maswali kibao, "eleza chanzo cha uraibu wako", "orodhesha hisia zako tano". Alifungua siku ya kwanza akaandika jina lake, basi, toka siku hiyo kipo chini ya godoro. Mume wangu anasema hana nia ya kuacha, angekuwa na nia angesoma. Nimlazimishe au nimwache? — Dada mtu, Mbagala

Dada yangu, mwambie shemeji taratibu kwamba mtu wa siku ya 19 anayeamka giza, anapanda daladala, anasimama foleni, anakunywa dozi mbele ya nesi halafu anarudi nyumbani badala ya kupitia maskani, huyo nia anayo mpaka inamwagika. Kitabu ni kitu kingine kabisa.

Angalia mwili wake uko wapi. Arosto ya unga, yale mateso ya mwili ukiukosa, inaanza masaa 6 mpaka 12 toka kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndio moto wenyewe, wiki ikiisha makubwa yamepita. Kwa mtu wa methadoni inakuwa tofauti kidogo maana wanaanza na kipimo kidogo wanapandisha polepole, kwa hiyo wiki za mwanzo anaweza akawa bado anahisi arosto ya chinichini, hasa alfajiri. Halafu kuna vitu vinabaki wiki na wiki, wengine miezi: usingizi wa kuibia ibia, hasira za bure, kusahau, akili kukataa kutulia kwenye kitu kimoja. Mimi wiki ya tatu nilikuwa nasoma habari ya Simba na Yanga kwenye gazeti, sentensi moja narudia mara nne, nikifika mwisho mwanzo umeshapotea, na hiyo ni mpira jamani, kitu nachokipenda. Sasa unampa mtu huyo kurasa 120 za "orodhesha hisia zako", hisia gani, wakati miaka yote alikuwa na hisia mbili tu, kapata au hajapata.

Na lile swali la chanzo cha uraibu mimi huwa nalitoa kabisa kwenye wiki za mwanzo. Kuna watu chanzo chao ni kitu kibaya alifanyiwa akiwa mtoto, ukimfungulisha kidonda hicho saa tisa mchana akiwa peke yake na kalamu, atakwenda kukifunga na kitu gani? Maswali ya namna hiyo yanasubiri mwezi wa tatu, wa nne, na anayajibu mbele ya mshauri, sio mbele ya godoro.

Fanya hivi. Nenda dukani nunua kile kidaftari kidogo cha mfukoni ambacho makonda wanaandikia hesabu. Kinaingia kwenye suruali, hakimtangazi mtu kwamba yupo kwenye tiba. Mnaandika kurasa nne tu, na siku za mwanzo yeye anaongea wewe unaandika, baada ya dozi kutulia, dakika kumi zinatosha, mkimaliza pikeni chai.

Ukurasa wa kwanza ni wa kiu, na ndio muhimu kuliko yote. Kiu ya unga inapanda kama homa, inafika juu, halafu inashuka hata usipoifanyia chochote, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi, ila yule inayemshika haamini kwamba itashuka, anaona itaendelea hivyo hivyo mpaka afe. Kwa hiyo ukurasa unamshika mkono dakika hizo. Wa kijana mmoja wa kundi letu, kwa ruhusa yake, ulikuwa hivi, nimenakili kama alivyoandikiwa:

*Kiu imekuja saa ___. Nimekula? Nina hasira na nani? Nipo peke yangu? Nimechoka? Nikiwa na njaa nakula kwanza. Nampigia dada. Asipopokea nampigia Mzee wa kliniki. Asipopokea naenda kukaa kwa fundi baiskeli pale kona sio lazima niongee. Nasubiri mpaka saa ___ ndio nitafikiria tena.*

Umeona hakuna hata neno moja gumu. Yale maswali manne, njaa, hasira, upweke, uchovu, yanatumika kwenye tiba dunia nzima, sababu mtu wa siku za mwanzo hawezi kutofautisha, mwili ukisema "nina njaa" yeye anasikia "nataka kete". Mimi mwenyewe mpaka leo nikichelewa kula mchana nakuwa na akili za ajabu.

Ukurasa wa pili ni ratiba ya kesho, anaandika usiku. Watu hawaelewi kwamba mtu wa unga alikuwa na kazi nyingi kuliko meneja wa benki: kutafuta hela, kutafuta kete, kukwepa defenda, kutafuta pa kuvutia, halafu unaanza upya, siku saba za wiki hakuna likizo. Leo amekunywa dozi saa mbili asubuhi, saa nne yupo nyumbani, na siku nzima iko mbele yake nyeupeee. Saa nane mchana mpaka kumi na mbili jioni ndio wakati mbaya, hapo msiache pengo. Kufua, kwenda kwa bibi, kubeba maji, kumsaidia fundi, kulala sio kazi kwa hiyo usiiandike kama kazi.

Wa tatu ni trigga, vile vitu vinavyoamsha kiu. Hapa kitabu kinasema "orodhesha", yeye ataandika "marafiki wabaya" kama alivyofundishwa shuleni na mtafunga daftari. Msitafute majibu mazuri, tafuteni vitu vidogo vya kijinga. Kuna jamaa trigga yake ilikuwa noti ya elfu kumi. Hana shida na maskani, anapita na kuwasalimia, lakini mama yake akimpa noti nzima ya nauli, jasho linamtoka kiganjani, kwa sababu miaka yote noti ikiingia mkononi miguu inajua inakwenda wapi. Mama akaanza kumpa chenji, jero jero na buku, halafu anamwekea hela kubwa kwenye simu ya dada yake. Mwingine ilikuwa foili, ile ya kuchomea unga, nyumbani wakileta chipsi zimefungwa kwenye foili chumba kizima kinabadilika, mpaka wakaanza kwenda na sahani dukani. Mwingine kiberiti cha njiti, harufu ile ikizimwa. Mdogo wako anavyo vya kwake, atakavyokuwa anakumbuka muandike hata kama mnacheka.

Wa nne ni wa siku, tiki tu kila usiku kabla ya kulala. Kalenda za ukutani za bure za maduka pia zinafaa ila wengine hawapendi wageni waone. Watu wa Narcotics Anonymous, vile vikundi vya wanaoacha dawa za kulevya kwa kusaidiana, wana utaratibu mzuri sana kwenye hili, wanatoa viholda vya funguo kwa rangi, cheupe siku ya kukaribishwa, cha chungwa siku 30, kijani 60, chekundu 90, na wana msemo wao wa "kwa leo tu" ambao zamani niliuona wa kitoto mpaka siku nilipouhitaji.

Kile kitabu kikubwa usikitupe, kipo siku kitafaa. Na shemeji mpe kazi, yeye ndio awe namba ya pili kwenye ukurasa wa kiu, utaona anavyobadilika.

Asalaam aleikum mwanangu. Kijana wangu ana wiki tano tangu aache, yuwaenda kliniki kila asubuhi. Lakini usiku halali, yuwazunguka nyumba nzima, atoka jasho mpaka shuka yalowa, ukimsemesha akwambia niache. Nimeona ana kidaftari chini ya mto alichopewa huko kliniki, babake asema nikifungue tujue kama amerudia. Nimekishika mara mbili nikakirudisha. — Mama wa Kisauni, Mombasa

Waaleikum salaam, shikamoo mama. Mkono uliokirudisha mara mbili ulikuwa na akili, usikifungue.

Kile kidaftari kinafanya kazi kwa sababu anaweza kuandika "leo nimepita pale, nimesimama dakika tano, nimeondoka" bila kuogopa macho ya mtu. Siku atakayojua kinasomwa, ataanza kukuandikia wewe. Utasoma "niko salama alhamdulilahi" kurasa thelathini na hutojua lolote. Ukitaka kujua kama katumia, kliniki wana vipimo vya mkojo, hiyo ni kazi yao waachie, na wewe muulize mwanao kwa mdomo, mchana, akiwa ameshiba.

Halafu mama, hayo unayoyaona ya usiku siyo ushahidi wa kurudia. Wiki ya tano kukosa usingizi ni kawaida kabisa, na methadoni yenyewe inaleta jasho jingi, inaleta na choo kigumu, hilo ataona haya kukwambia kwa hiyo weka mapapai na maji mengi mezani bila kuuliza. Chai ya rangi usiku ipunguze, na asilale mchana. Ikiwa jasho linakuja na miayo, mafua ya ghafla, vinyweleo kusimama na tumbo kukatika hasa karibu na alfajiri, basi huenda kipimo chake bado hakijatosha, mwambie akamweleze daktari, wasimuongezee wala asijipunguzie nyumbani. Na la muhimu zaidi kuliko daftari, asikose siku. Akikosa siku tatu mfululizo hawezi kurudi kwenye kipimo kile kile, kliniki itampunguzia kwanza.

Kinachokosekana nyumbani kwako ni karatasi ya familia. Kila mtu anamwandalia mgonjwa vitabu, hakuna anayemwambia mama afanye nini saa nane za usiku. Basi ya kwako nakuandikia mimi: saa nane za usiku usimuulize umetumia. Muulize "wataka uji?" Akikataa rudi ulale. Hela taslimu usimwachie. Matusi ya wiki hizi usiyahesabu, ila mkono akiinua ita watu. Mambo ya zamani, ile redio aliyouza, pete ya marehemu bibi, hayo usiyataje mpaka yeye mwenyewe ayataje, na atayataja. Ukizidiwa wewe, huko Kenya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure 1192, unaongea na mshauri, haina haja mwanao awepo.

Asalaam aleikum. Mimi ni msaidizi katika soba hausi moja (nyumba wanapokaa wanaoacha unga) hapa Unguja, klini, yaani bila unga, mwaka mmoja na miezi minne. Ndani tuna vijana 22, tisa kusoma kwao kwa shida na wawili hawajui kabisa. Vipindi vyote ni kusoma na kujaza. Nikigawa karatasi wale wawili wanachukua kalamu wanajidai wanaandika, nikipita nakuta mistari tu. Halafu ukutani tuna mabango tuliletewa na wafadhili, sindano kubwa, fuvu la kichwa na maandishi DAWA ZA KULEVYA NI KIFO. Mmoja kaomba yatolewe, mkubwa wa nyumba kakataa, anasema hataki ukweli. — Msaidizi, Unguja

Waaleikum salaam kaka. Nianze na mabango maana hilo limenichoma. Bango la sindano kwenye ukuta wa mtu wa wiki ya pili ni sawa na kutundika picha ya biriani msikitini mwezi wa Ramadhani saa tisa alasiri. Wewe uliyekaa klini mwaka unaona fuvu, yeye anaona sindano tu, anaona mpaka mshipa. Picha ya vifaa ni trigga, hilo linajulikana kwenye tiba zamani, na huyo kijana aliyeomba amefanya kile kile mnachomfundisha, ametambua trigga yake na amesema kwa mdomo, mlitakiwa mumpigie makofi. Na hicho kifo cha kwenye bango hawaogopi, wengi wao wamezika wenzao kwa mikono yao. Mwambie mkubwa kwa heshima kwamba mabango yaende yakae njiani ambako wanapita wanafunzi, ingawa hata huko mimi sina imani nayo, ndani muweke picha ya bahari au ratiba ya wiki au hata ukuta mtupu.

Tena wakati mnatengeneza vitu vyenu wenyewe, angalieni maneno. Mimi na wenzangu tukiwa wenyewe tunaitana mateja na tunacheka, lakini ukiniandikia kwenye karatasi ya darasa "teja anatakiwa…" hapo umeniweka pale pale mliponitoa. Andika "mimi". "Mimi nikipita darajani natazama upande wa pili." Karatasi yote iwe mimi, mimi.

Sasa kwa wasiosoma. Acha karatasi kabisa siku mbili za wiki, tumia mchanga. Tulifanya hivi Dar na ikatushinda kuamini. Kila mtu anachukua kijiti anachora chini mtaa wake: nyumba yao, msikiti au kanisa, duka, kituo cha daladala, maskani. Halafu anachora njia anazopita. Kuna jamaa, mpiga debe wa zamani, hajui hata kuandika jina lake, kachora kutoka kwao mpaka msikitini, mwendo wa dakika tano, lakini mstari wake unazunguka mitaa mitatu unakaribia kutoka nje ya duara tuliyokaa. Tukamuuliza mbona unapita huko mbali. Akanyamaza. Halafu akasema pale njia ya mkato kuna ukuta, nilikuwa naegemea pale nikishavuta. Ukuta tu, haukuwa na mtu wala kete. Hakuna fomu ingemtoa neno hilo, na siku hiyo vijana wengine wanne wakakumbuka kuta zao. Mkimaliza mnafuta mchanga na hakuna ushahidi, watu wanapenda hiyo.

Kwa kiu, rekodi sauti. Yule mtu aliyemchagua, mama, mke, wewe, arekodi sauti ya dakika moja WhatsApp, maneno ya kawaida tu, na siku akitoka soba anakwenda nayo kwenye simu. Nyie huko Unguja mna wazee wenye sauti za kutuliza, mtumieni hata mmoja. Kama nyumba yenu hairuhusu simu, basi iwe ya kusomeshana: kila asubuhi mmoja anayejua anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, polepole, halafu kila mtu anasema sentensi moja, sio hotuba, na yule asiyejua kusoma siku yake ikifika asimulie badala ya kusoma. Ukimuweka asiyejua pembeni ya anayejua bila kutangaza, wiki mbili tu wanakuwa wanaandikiana. Na wale wawili wanaochora mistari, kaka, waite faragha uwaulize kama wanataka kujifunza herufi. Jioni za soba ni ndefu. Mtu anayetoka na miezi minne bila unga na anajua kuandika jina lake ametoka na vitu viwili.

Kusinzia kipindini usikuchukulie kama dharau, wiki za mwanzo ndio wanaanza kulipa deni la usingizi. Kipindi kiwe dakika 30 na kiwe asubuhi, cha mchana ni cha kuwatesa.

Bro nina siku 60 klini. Wiki iliyopita rafiki yangu aliyetoka soba alirudi akapiga kipimo chake cha zamani, hakuamka. Vitabu vyote tulivyosoma hakuna palipoandikwa kuhusu hilo. Nilimuuliza mwalimu akasema tukiwafundisha hayo tunawapa ruhusa ya kurudia. Ni kweli? — Siku 60, Tanga

Pole sana mdogo wangu. Hapana, si kweli, na huyo mwalimu kwenye hili kakosea vibaya hata kama nia yake nzuri.

Ukikaa bila unga mwili unasahau kubeba. Kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kukutoa arosto tu, baada ya siku 30, 60, au ukitoka gerezani, kinatosha kusimamisha pumzi. Siku za kwanza za kutoka sehemu yoyote iliyokufunga, soba, hospitali, mahabusu, ndio za hatari kuliko zote. Hilo lazima liwe kwenye karatasi ya kwanza mtu anayopewa akikaribia kutoka, kwa herufi kubwa, kwa sababu yule ambaye hatorudia hakutamdhuru kulijua, na yule ambaye atateleza mara moja anaweza akawa hai kesho yake akajaribu tena. Mimi niliacha mara tano kabla ya hii. Ningekufa ya pili ungemuuliza nani leo.

Andika kwenye daftari lako, na mfundishe unayekaa nae. Mtu aliyezidisha haamki ukimwita, pumzi zinakuja mojamoja au anakoroma mkoromo wa ajabu wa kubanwa, midomo na kucha zinakuwa za bluu au kijivu. Mwite kwa nguvu, msugue kwa ngumi katikati ya kifua. Hajajibu, tafuta gari au pikipiki sasa hivi, hospitali, huku mwingine anampulizia pumzi mdomoni kama hapumui. Kama anapumua mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Hospitalini sema wazi ni unga, usione haya, kuna dawa inaitwa nalokisoni inamrudisha ndani ya dakika chache, ila nguvu yake inaisha kabla ya unga kuisha mwilini kwa hiyo asitoroke kitandani. Maziwa usimnyweshe, maji ya chumvi usimdunge, hayo ya kijiweni yameua watu. Kwa wanaokunywa methadoni, kuchanganya na pombe au vidonge vya usingizi ni njia ile ile ya kufika kaburini, tena kimya kimya zaidi.

Jina la rafiki yako liandike kwenye daftari pia kama unataka. Na wiki hii usikae peke yako, msiba ni trigga kubwa. Huku kwetu Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya wana namba ya bure 119, na kliniki ya methadoni kama bado hujaanza, Tanga ipo Bombo.

Kaka mimi nakunywa methadoni mwezi wa pili sasa. Kwenye mkutano mmoja wa wanaoacha unga niliambiwa siku zangu hazihesabiki, eti nimebadilisha unga wa mtaani kwa unga wa serikali. Nimeacha kuweka tiki. Halafu kidaftari chenyewe kimebaki kurasa tatu, ninunue kingine au basi? — Msomaji wa Temeke

Kuna watu wa mikutano wana msimamo huo na sitagombana nao hapa, wengine ndio walioniokoa. Lakini wewe hesabu. Methadoni Muhimbili imeanza Februari 2011, ikaja Mwananyamala, ikaja kwenu Temeke, na Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, miaka yote hiyo watu wanakunywa dozi asubuhi na saa tatu wapo kazini. Dozi haikupeleki kuiba, haikudungi, haikuachi sakafuni, unakunywa mara moja na siku nzima mwili umetulia. Kama neno "klini" linaleta ugomvi kwenye mkutano wenu, andika "siku bila unga" juu ya ukurasa halafu uanze kuweka tiki ulipoishia, zile ulizoruka zijaze kwa kukumbuka, kama ulikunywa dozi yako na hukugusa unga ni siku.

Kidaftari nunua kingine, safari hii chukua kaunta buku, mwezi wa pili mkono unakuwa umeshazoea kuandika. Kile cha zamani kihifadhi mahali pakavu. Mimi changu cha 2013 kina doa la chai na ukurasa mmoja umeandikwa neno "jumanne" mara kumi na moja, sikumbuki kwa nini.